Robota la Makoti

Barua mbili zilifika ndani ya bahasha moja. Juu yake karani alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: Bwana na Bibi Josephat Luhende, Nyumba Na. 14. Chini ya majina akapiga mstari mnene, kama mtu aliyeridhika kwamba ameokoa bahasha ya pili.

Josephat aliisoma ya kwake akiwa amesimama mlangoni, kisha akampa mkewe ile nyingine. Zilifanana kila kitu isipokuwa cheo. Yake ilisema Fundi Mkuu, Mitambo ya Kufumia. Ya Paskazia ilisema Mkaguzi wa Vitambaa. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinauzwa, na wafanyakazi mia nne na wawili walikuwa wamepunguzwa kazini. Mafao yao yangelipwa mara zoezi la kumpata mwekezaji litakapokamilika. Nyumba za kiwanda zirudishwe katika muda wa siku sitini.

"Wametupunguza," alisema Josephat.

"Nimeona."

"Wote wawili, siku moja."

Paskazia aliigeuza barua aone kama kuna lililoandikwa nyuma. Ilikuwa tabia ya kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikaa mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nguo ikipita mita kwa mita, naye akitia alama ya chaki palipo na uzi uliokatika, uzi uliorukwa au doa la mafuta. Nyuma ya barua hapakuwa na kitu.

"Huyu mwekezaji ni nani?" aliuliza.

"Watamtafuta."

"Kwa hiyo hayupo."

"Atapatikana, Paskazia. Mtu hawezi kununua mitambo halafu asihitaji fundi."

Kija, binti yao wa pekee aliyekuwa kidato cha tatu, alisikia yote kutoka jikoni. Alipunguza moto chini ya sufuria, akaongeza maji kwenye maharage, ingawa hakuna aliyemwambia.

Kesho yake Josephat alivaa ovaroli yake ya buluu, iliyopigwa pasi, akaenda kiwandani saa moja kasorobo kama siku zote. Geti lilikuwa limefungwa. Aliwakuta wenzake kama thelathini wameketi kwenye ukingo wa mfereji, akaketi nao. Walizungumza habari za wageni. Mmoja alisikia ni Wahindi kutoka Kenya, mwingine alisikia ni Wachina, na wa tatu alikuwa na shemeji yake Dar es Salaam aliyeona faili lenyewe mezani kwa mkubwa mmoja. Saa kumi walirudi nyumbani, kwa kuwa ndiyo saa waliyozoea kutoka kazini.

Siku ya nne mlinzi alitoka kuongea nao. Alikuwa kijana aliyezoea kumwamkia Josephat kwa kuvua kofia. Safari hii kofia ilibaki kichwani.

"Fundi, wamesema msikae hapa getini. Kaeni ng'ambo ya barabara."

"Nani amesema?"

"Mimi naambiwa tu. Wageni wakija kuangalia mitambo wasikute watu wamejazana."

Josephat alisimama, akakung'uta vumbi kwenye ovaroli, akavuka barabara. Wenzake wakamfuata. Kutoka ng'ambo ile waliliona bati la ghala na bomba la moshi lisilotoa moshi, na kila gari lililopunguza mwendo liliwainua wote.

*

Paskazia alikuwa na swali lake ambalo halikumtoka kichwani. Kiwanda kimesimama. Chama cha ushirika kimechukua pamba ya watu wa Magu na bado hakijawalipa. Ofisi kadhaa pale Nyamagana, mjini Mwanza, zilikuwa zimepunguza watu kama wao. Lakini ukienda Soko Kuu unakuta nyanya zinanunuliwa, dagaa wanapimwa, mtu anajadiliana bei ya kandambili na anazinunua. Sasa hela hizi zinatoka wapi?

Akaanza kutembea mjini kila siku baada ya Kija kwenda shule, na akaanza kuuliza. Alikuwa hana haya ya kuuliza. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo ya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda vipya vya samaki kuchukua minofu, alianzaje biashara hiyo. "Mume wangu alikuwa reli," alisema yule mama, na akaona hilo ni jibu la kutosha. Alimuuliza mzee aliyekuwa akitengeneza koroboi kwa makopo ya maziwa. Alimuuliza mtu aliyekuwa na mizani ya kupimia uzito wa wapita njia. Huyo wa mizani hapo awali alikuwa mwalimu.

"Na watu wanalipa kujua uzito wao?"

"Wanalipa, mama. Mtu akiona amekonda anataka kujua kwa kiasi gani."

Siku ya nane miguu ilimfikisha Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Hakuwa amewahi kusimama pale. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na mwiko usioandikwa kuhusu nguo hizo. Waliziita kafa Ulaya, na mke wa fundi mkuu asingeonekana akizipekua. Aliwakuta watu wamezunguka robota la nguo lililokuwa limetoka kukatwa kamba. Mwenye mali, mwanamume mnene mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, alikuwa akizitenga nguo mafungu matatu kwa haraka: za daraja la kwanza, za daraja la pili, na za kupigia deki. Jina lake Muhidin.

Paskazia aliangalia kwa muda. Mwishowe hakuweza kujizuia.

"Kaka, lile shati umelikosea fungu."

Muhidin hakuinua macho. "Mama, unanunua au unafundisha?"

"Lile la kupigia deki ni la kitani. Limekunjamana kwa sababu ni kitani. Likipigwa pasi litayashinda hayo yote. Na hilo ulilolisifia ni polista tupu, tena kwapani uzi umekwisha. Likifuliwa mara mbili litafumuka."

Muhidin alilichukua lile la polista, akalivuta kwapani kidogo tu. Likaachia. Watu wakacheka, naye akacheka kwa kuchelewa.

"Umejifunza wapi haya?"

Alimtajia kiwanda.

"Kile kilichofungwa?"

"Kinachouzwa," alisema Paskazia.

"Wanasema hizi nguo zetu ndizo zilizokifunga."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema lile shati ni kitani."

Muhidin alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi, mikono imefungwa kifuani. Alimwambia kama ana nafasi aje kesho saa kumi na mbili na nusu. Mia nane kwa siku na chakula cha mchana.

*

Kazi ile ilimstaajabisha. Alidhani atakuta mtu mmoja anauza nguo kuukuu. Alikuta robota moja lina watu nyuma yake kama harusi. Kulikuwa na waliolibeba kutoka ghalani, na wanawake waliofua zenye madoa. Kulikuwa na Moza, mjane wa Kimanyema aliyepiga pasi ya mkaa tangu alfajiri na kulijua joto la kila kitambaa kwa kulisogeza shavuni. Mafundi cherehani walikaa mstari mmoja wakipunguza suruali za watu wanene wa Ulaya zitoshe viuno vya Mwanza. Kulikuwa na aliyeuza vifungo tu, na aliyeuza chai kwa hao wote. Siku moja Paskazia alijaribu kuwahesabu, akafika ishirini na watatu, akaitwa kazini kabla hajamaliza.

Alipekua pia mifuko. Si kwa kutafuta hela, ingawa Moza hakuamini. Alikuta tikiti za treni, orodha ya vitu vya kununua dukani, jina la mtoto lililoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye ukosi. Alikaa na jina lile mkononi.

"Mtu anashona jina la mwanawe namna hii, halafu anaitoa?" alimuuliza Moza.

"Mtoto amekua."

"Wangempa mdogo wake."

"Labda hana. Dada Paskazia, robo saa nzima unakaa na blauzi moja. Muhidin akikuona."

Nyumbani alisema amepata kibarua cha kukagua nguo mjini. Josephat aliuliza ni kwa Mhindi yupi, yeye akasema si Mhindi, na Josephat, aliyekuwa amechoka kwa kukaa ng'ambo ya barabara, hakuuliza zaidi. Chakula kiliboreka. Wali ulionekana mezani Jumapili, kisha hata siku ya kawaida.

Josephat aliambiwa na wenzake kule ng'ambo ya barabara. Mmoja wao alikuwa amekwenda Mlango Mmoja kumtafutia mwanawe kaptula. "Mkeo anajua kuchagua," alisema, na hakuwa na nia mbaya, lakini wengine waliinamisha vichwa kumwonea Josephat aibu, na hiyo ilimuumiza kuliko kama wangecheka.

Alikwenda moja kwa moja, akiwa na ovaroli yake. Alimkuta mkewe amepiga magoti mbele ya lundo, pua imegusa koti la suti, akinusa kama kuna ukungu.

"Kumbe huku ndiko mnakokagua," alisema.

Moza aliweka pasi juu ya jiwe. "Karibu, shemeji."

Josephat hakumwitikia. "Miaka kumi na tisa tumewatengenezea watu nguo mpya, Paskazia. Leo unanusa makwapa ya wafu."

"Hawajafa," alisema Moza taratibu. "Wamenenepa tu."

"Hizi ndizo zilizotuzika," Josephat aliendelea, akimtazama mkewe peke yake.

Paskazia alisimama. Akakung'uta magoti.

"Najua," alisema. "Na jana zimetulisha wali."

"Ule wali ulikuwa wa hizi?"

"Wa hizi. Na wa juzi."

Josephat alitazama mafungu yale, watu waliokuwa wakijifanya hawasikii, na mafundi waliokuwa wamesimamisha vyerehani. Aliondoka bila kuaga. Jioni ile hakula, na Kija alikula sehemu yake kwa kuwa chakula hakitupwi. Siku ya pili alikula ugali na mchuzi, akaacha samaki. Siku ya tatu alikula vyote.

*

Kati ya zile siku sitini zilibaki kumi. Muhidin alikuwa ameahidi kumkopesha Paskazia kodi ya miezi mitatu ili wapate chumba, lakini kwanza apate mzigo mzuri, maana wiki mbili mfululizo alikuwa amenunua marobota ya hasara. Akampeleka Paskazia kwenye ghala la mwagizaji wa mitumba ili achague yeye. Marobota hufungwa huko huko yanakotoka na mnunuzi haruhusiwi kuyafungua kabla ya kulipa. Unaliangalia, unalisukuma kwa goti, basi.

Moja lilikuwa limechanika kwenye kona, tundu la kupitisha vidole viwili. Paskazia aliviingiza. Akafumba macho.

"Sufu," alisema. "Sufu tupu, imefumwa kwa kubana, haijaliwa na mdudu. Kaka Muhidin, sijawahi kugusa nguo nzuri kama hii."

Muhidin alilipa elfu tisini, karibu fedha zote alizokuwa nazo.

Lilifunguliwa asubuhi iliyofuata mbele ya wachuuzi. Kamba zilipokatwa robota lilivimba, na kilichotoka kilikuwa makoti. Meusi na ya kijivu, marefu kupita magoti, yenye bitana, mazito kama magunia yaliyolowa. Arobaini na matatu. Jua la saa nne lilikuwa tayari limeanza kuyeyusha lami. Wachuuzi waliangaliana. Mmoja akajaribu koti moja, akalivua kabla hajalifunga kifungo.

"Muhidin," alisema, "leo umenunua baridi."

Waliondoka wakicheka. Muhidin hakumfokea Paskazia. Pengine angefoka ingekuwa nafuu. Aliketi juu ya stuli ya Moza, akaliweka koti moja mapajani akalipapasa.

"Vidole vyako havikukosea, dada. Hii ni nguo nzuri. Ila nguo lazima iwe na mtu. Sasa niambie, hii ni ya nani?"

"Sijui."

"Tufanye mpaka Jumamosi. Baada ya hapo sina cha kukulipa wala cha kukukopesha. Sikufukuzi. Nakwambia hali yangu ilivyo."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

*

Paskazia alirudi nyumbani na koti moja begani kabla jua halijazama. Alilitupa kwenye kiti na kusimulia yote, hata vile alivyofumba macho. Alitarajia Josephat aseme alichokuwa na haki ya kusema. Badala yake Josephat alivuta koti lile kwa ncha za vidole, kama mtu anayemgusa mbwa asiyemjua.

"Kija, lebo inasemaje?"

Kija alisoma, akatafsiri. "Sufu asilimia mia. Likaushwe mbali na jua."

"Basi lilikuja pabaya," alisema Josephat. Alilipeleka dirishani, akaligeuza bitana nje. Akafuata nyuzi zake kwa kidole. "Njoo uone hapa, Paskazia. Huu mstari wa mshazari. Ona usivyoyumba kutoka juu mpaka chini. Mashine yao ilikuwa imetulia sana. Sijui walikuwa wanaifanyia nini."

"Labda walikuwa na fundi."

Josephat alikuwa karibu kutabasamu. Alivaa mkono mmoja, halafu wa pili. Kija aliziba mdomo kwa kiganja.

"Chenge," alisema Josephat ghafla.

"Chenge yupi?"

"Yule aliyekuwa chini yangu, zamu ya mchana. Nilimwona zahanati mwezi uliopita anakohoa, amejifunga gunia kifuani ndani ya shati. Yuko kiwanda cha minofu huko ziwani. Anasimamia chumba cha barafu. Alisema wako watu sitini humo, zamu kwa zamu, na walichopewa ni gambuti na aproni ya plastiki tu."

Paskazia alikuwa amesimama wima. Kisha akakumbuka.

"Si ndiye uliyemsimamisha kazi wiki mbili kwa kuchelewa?"

"Ndiye."

"Niende mimi, basi. Hana kisa na mimi."

"Wewe hatakusikiliza, hakujui." Josephat alivua koti na kulikunja vizuri, mikono ndani. "Mimi atataka nione aibu kwanza. Acha niione."

*

Walifika na mkokoteni siku ya pili, saa nane mchana, zamu zilipokuwa zikibadilishana. Mlinzi wa kiwanda cha samaki aliwazuia. Wafanyakazi waliokuwa wakitoka, macho mekundu kwa baridi na magambuti yakilia maji, waliusogelea mkokoteni, wakaona makoti, wakaona jua, wakaangua kicheko.

"Ngosha, unaumwa?" mmoja alimuuliza Josephat, maana alikuwa amevaa koti moja lililofungwa mpaka shingoni. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ukosi. Alikuwa ameamua hivyo mwenyewe njiani, na Paskazia hakuweza kumzuia.

Chenge alitoka mwishoni. Alikuwa na sweta mbili na daftari la mahudhurio. Alimtambua bosi wake wa zamani, akatazama saa ya mkononi.

"Fundi Luhende," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Zamu imeingia dakika kumi zilizopita. Kuna maelezo?"

Yalikuwa maneno ya Josephat mwenyewe, aliyoyasema kila zamu kwa miaka mingi. Aliyajua, na mkewe aliyajua.

"Sina maelezo," alisema Josephat.

"Hakuna maelezo, hakuna zamu. Sivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Nilikusimamisha wiki mbili na mkeo alikuwa amejifungua. Nililijua hilo baadaye. Sikurudi kukwambia."

Chenge hakutarajia hilo. Alifungua daftari, akalifunga. Watu walikuwa wameacha kucheka.

"Haya makoti yanafaa kweli, au ni ya kutuuzia maneno?"

"Yapime."

"Tutayapima kwako. Ingia nalo ndani. Robo saa. Ukitoka meno hayagongani, nawaruhusu watu wangu wanunue, na nitamwomba meneja amkate kwenye mshahara kila atakayetaka."

Josephat aliingia. Paskazia hakuruhusiwa, alibaki kwenye mkokoteni, jua likimchoma utosini.

Ndani, mlango mzito ulipofungwa, Josephat aliona pumzi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Minofu ya sangara ilikuwa imepangwa kwenye trei hadi darini, na maboksi yalikuwa na majina ya miji ambayo aliwahi kuyasikia redioni. Mfanyakazi mmoja, masikio yamefungwa kitambaa, alimtazama lile koti kwa wivu.

"Samaki wanakwenda huko," alisema, "nguo zinakuja huku. Sisi tuko hapa katikati tunaganda."

Baridi ilimshika Josephat usoni na magotini. Kifuani haikuingia. Alianza kutembea ili muda upite, akafika kwenye ukuta wa nyuma, na hapo akasimama. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mashine. Aliweka kiganja ukutani, halafu sikio. Karibu miezi miwili alikuwa hajasikia mashine inayozunguka. Ilikuwa na mlio wake wa kawaida, mzito, na ndani ya mlio huo kulikuwa na mlio mwingine mdogo, kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Alisogea kushoto. Uliongezeka. Alirudi kulia. Alijaribu kuhesabu ni kila mizunguko mingapi unarudi, akakosea, akaanza upya.

Robo saa ilipita, kisha nusu saa. Nje, Paskazia alimwambia Chenge, "Mtoe mume wangu," na hakumwomba. Chenge mwenyewe, aliyekuwa ameanza kuogopa, alikimbilia mlangoni.

Josephat alitoka nyusi zikiwa nyeupe.

"Mashine yako ina kilio," alimwambia Chenge. "Beringi ya upande wa kushoto. Haimalizi mwezi."

"Nilikutuma ukapime koti."

"Koti?" Alijitazama, kama aliyesahau amevaa nini. "Koti ni zuri. Ila ile beringi, mnaitia grisi mara ngapi? Nani anaitazama? Mbona hamuizimi?"

Aliendelea kuuliza, meno yake hayagongani hata kidogo. Wafanyakazi waliokuwa wakimtazama mdomo walianza, mmoja baada ya mwingine, kuugeukia mkokoteni. Paskazia aliwapimia mabega kwa macho na kuwapa saizi zao bila kukosea.

Yalitoka thelathini na moja siku ile. Kumi na moja yalikwenda mwalo wa Kirumba kwa wavuvi, ambao hulala ziwani na hawakuhitaji kushawishiwa. Moja Josephat alilinunua mwenyewe, na Muhidin alipotaka kukataa malipo, alimwekea fedha juu ya pasi ya Moza mpaka zikachukuliwa. Ile beringi ilivunjika siku ya tisa. Walimtuma mtu na baiskeli kumtafuta fundi aliyesikiliza ukuta. Hakupewa barua ya ajira, wala cheo. Alipewa kazi ya siku mbili, baadaye ya nne, kisha kiwanda cha jirani nacho kikasikia habari zake. Kule ng'ambo ya barabara wenzake waliendelea kuketi, ingawa kila wiki mmoja au wawili walipungua, na hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi. Mafao hayakulipwa mwaka ule.

*

Makazi waliyapata Mabatini, vyumba viwili vya nyumba ya Mama Dorotea, mwanamke mrefu aliyevaa rozari shingoni na funguo kiunoni. Aliwatembeza, akawaonyesha bomba, choo, na mahali pa kuanikia nguo. Kodi aliyokopeshwa na Muhidin, Paskazia alikuwa nayo kwenye pindo la khanga.

"Kabla hatujamaliza nina swali," alisema Mama Dorotea. "Mnalipwa mwisho wa mwezi, au mnalipwa kila siku?"

Josephat alinyoosha mabega. Ni swali alilokuwa na jibu lake kwa miaka ishirini, jibu lililompa mkopo dukani na kiti cha mbele kwenye mikutano ya shule. Alifungua kinywa. Paskazia alimtazama, hakumsaidia.

"Nauliza," alisema Mama Dorotea, "kwa sababu wa mwisho wa mwezi siwapangishi tena. Humu alikaa karani wa ushirika, akaja mwingine wa ofisini, wameondoka wote na kodi zangu. Watu wazuri kabisa. Lakini siku hizi mwisho wa mwezi haufiki."

Josephat alishusha mabega.

"Kila siku, mama," alisema.

"Siku nyingine hakuna," aliongeza Paskazia.

"Hiyo naijua," alisema Mama Dorotea, na akaanza kuutoa ufunguo kwenye pete.